Vuli Iliyofagiwa

Mimi majira ya majani kupukutika sijayaona hata siku moja, na bado nimeyafundisha mara nyingi kuliko mtu aliyezaliwa nayo. Nilikuwa mwalimu wa nasari kule Kisauni, Mombasa, na ukutani mwa darasa langu kulikuwa na chati ya majira manne ya mwaka iliyoletwa na wafadhili. Katika picha moja watoto weupe walikuwa wanarushiana theluji. Katika nyingine walisimama chini ya mti mwekundu wamevaa makoti, majani yanawaangukia kichwani nao wanacheka. Hiyo ndiyo vuli, nikawa nawaambia wanafunzi wangu, kwa sababu kitabu kilisema hivyo. Wao vuli waliyoijua ilikuwa ile mvua ya mwisho wa mwaka ambayo bati letu halikuiweza, na majani wakati huo yalikuwa yanachipuka, hayaanguki. Lakini mtoto wa nasari ni muungwana. Ukimwambia jambo linalogombana na macho yake, anakubali, anakariri, kisha anaomba ruhusa ya kwenda kukojoa.

Kwa hiyo nilipoletewa vuli tena, safari hii Saudia, sikushtuka. Nilijua ni uongo wa kawaida wa kazi.

Nasari yenyewe ilifungwa pale mwenye jengo alipogundua kwamba magunia ya simiti hayalii wala hayapaki uji ukutani. Akaigeuza ghala, nami nikaenda Riyadh. Wakala aliniambia nakwenda kulea watoto, na hakusema uongo, alisahau tu kutaja vyoo. Nyumba ilikuwa Al-Naseem, upande wa mashariki, ina madam, bosi, wavulana wawili waliokuwa wameshakua kiasi cha kujitupia nguo sakafuni wenyewe, na kitinda mimba wa kike aliyekuwa na miaka mitano. Kazi ilianza kabla ya watu kuamka na ilikwisha baada ya watu kulala. Sitaki kuilalamikia sana. Nimesikia za wenzangu na najua yangu ilikuwa na nafuu.

Kilichoniuma ni kingine. Kwetu ukiwa mwalimu, hata anayekudharau hukuita mwalimu. Mchuuzi wa samaki akikupunja, anakupunja kwa adabu zake: mwalimu, hii kilo nzima. Riyadh nikawa nusu ya jina langu, maana jina zima lilimshinda madam, na hiyo nusu ikawa inapigwa kelele kutoka ghorofani kutwa kucha. Watu huniambia mtu huzoea. Mimi sikuzoea. Niliudhika siku ya kwanza na nikaudhika vivyo hivyo mwaka uliofuata.

Aliyeniponya alikuwa yule kitinda mimba. Alasiri, mama yake akiwa amelala na kaka zake wameingia ndani ya simu zao, tulikaa sakafuni jikoni tukachora. Rangi tulitengeneza wenyewe. Bizari ilitupa manjano, masimbi ya chai, yale machicha yanayobaki birikani, yakatupa hudhurungi, na maua makavu ya karkade, yale wanayochemsha kinywaji, yakatupa wekundu ambao hautoki kwenye nguo mpaka leo. Tulichorea upande wa ndani wa katoni za tende. Nilimfundisha kuchovya kitambaa, kupuliza rangi kwa mrija, kukata viazi kuwa mihuri. Madam akiona picha kwenye friji anadhani mtoto wake ana kipaji. Anacho, lakini kipaji hakijikatii viazi.

Siku moja akaja dada yake madam kutoka Jeddah. Huyu dada alikuwa na nasari yake, ndogo, ghorofa ya chini ya nyumba anayoishi. Alisimama mbele ya friji muda mrefu, glasi ya maji mkononi, akauliza nani anamfundisha mtoto. Madam akasema ni shaghala, yaani mfanyakazi wa ndani, kwa sauti ya mtu anayesema ni paka. Dada mtu akageuka akanitazama. Kwa mara ya kwanza tangu nishuke uwanja wa ndege, mtu alinitazama kama anayesoma kilichoandikwa.

Yaliyosemwa sebuleni niliyasikia nikiwa napeleka kahawa, na nilipeleka kahawa mara nyingi siku ile. Mwalimu wa sanaa wa yule dada alikuwa ameolewa akaacha kazi. Wiki ya kharifu ilikuwa inakuja, kharifu ndiyo vuli kwa Kiarabu, na mwishoni mwa wiki hiyo akina mama hualikwa kutazama kazi za watoto wao. Alitaka kuniazima. Akina mama wakipendezwa, angenichukua moja kwa moja: ikama yangu, kile kibali cha kukaa, ingehamia kwake, yeye ndiye angekuwa kafili wangu, yaani mdhamini, na mimi ningetoka vyooni nikaingia darasani. Madam alinung'unika, akakubali, kwa sharti kwamba yeye na binti yake watakwenda pia kutembea. Nadhani aliogopa kumkosa mfanyakazi na mlezi wa mtoto hata kwa siku moja.

Nilikitaka kitu hicho kwa uchoyo. Nilikiombea katika kila sujudu, na katikati ya sujudu nikawa napanga ukuta wa darasa.

Jeddah tulifika mwezi ambao kalenda za Ulaya zinasema ni vuli. Nje joto lilikuwa la kukaangia mayai, na unyevu wa bahari ukikuvaa mwili mzima kama Mombasa mwezi wa tatu. Nyumbani wakapiga simu kuuliza kama sasa nimeshakwenda Makka, maana si ni hapo karibu. Nikawaambia ni karibu kwa mwenye ruhusa. Mimi nimefika jikoni.

Jikoni huko nilimkuta Mkenya mwenzangu, mpishi, mama mmoja mrefu wa Bungoma, Mkristo mwenye kuimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini ili asimkere mtu. Siku yake ya mapumziko alikuwa akienda mtaa wa Ghulail kutafuta unga wa ugali na maneno ya kikwao, na akirudi anakaa na furaha siku mbili. Yeye ndiye aliyefanya kila kitu kwenye nyumba ile, kupika, kufua, na kufagia nje na ndani. Aliniuliza nimekuja kufanya nini. Nilipomweleza habari ya darasa na ikama, akaacha kukata vitunguu.

"Ticha," akasema, "hii lazima uipate. Mimi nitakusaidia. Hata kama ni kubeba hao watoto kwa mgongo."

Mwenye nasari alikuwa mwanamke wa haraka. Miwani yake ilikaa kichwani siku zote na sijui ilikuwa inatazama nini huko juu. Alinikabidhi katoni kubwa akasema kharifu iko humu ndani. Nikafungua. Kulikuwa na majani ya plastiki, mekundu na ya rangi ya chungwa, yote ya mkato mmoja, kila jani na ncha tano. Kulikuwa na boga la kitambaa, kindi wa manyoya aliyepoteza jicho safarini, na mafurushi ya shali za sufu. Kila mtoto apigwe picha, akaniambia, amevaa shali, amekaa katikati ya majani, anacheka. Kisha akateremsha kiyoyozi mpaka meno yetu yakagongana, ili shali zipate sababu ya kuwepo.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu. Watoto walikuwa kumi na kitu, wa miaka minne mitano, pamoja na msichana wangu wa Riyadh aliyeingizwa darasani ili asimsumbue mama yake. Nikawaeleza kwamba kharifu ni wakati miti inachoka, majani yanabadilika rangi na kuanguka. Nikarusha majani ya plastiki hewani. Yalianguka kwa kishindo kidogo. Mmoja akatafuna jani lake akalitema. Wawili wakapigania yule kindi wakimwita panya. Wengine wakakaa kimya ndani ya shali zao wakinitazama kwa ile adabu ya watoto wa Kisauni, nami nikaijua: walikuwa wananikubalia.

Mvulana mmoja mnene mwenye mafua ndiye aliyekuwa na ujasiri. Akauliza, "Kharifu inauzwa duka gani?"

Nikamwambia hii imetoka China.

"Na ya kwetu iko wapi?"

Nilikuwa nimeulizwa swali hilo na chati ya Kisauni kwa miaka na sikuwahi kulisikia, mpaka lilipotamkwa na mtoto anayefuta kamasi kwa shali ya mwenye nyumba.

Jibu nililipata alasiri, nilipotoka kwenda kutupa takataka. Kwenye kona ya hoshi, ndivyo wanavyouita ua wao wenye ukuta, palikuwa na mkungu. Nilicheka peke yangu. Mkungu ule ule wa Mombasa, wenye matawi yaliyopangwa kama trei, tuliokuwa tunaupiga mawe ili tupate kungu, tukazipasua tule kiini, tukachapwa. Na mkungu, kama umekaa nao, unajua tabia yake: jani likizeeka haligeuki kahawia kimya kimya. Linakuwa la manjano, kisha jekundu kama limepakwa rangi, kisha linashuka. Majani yake ni makubwa kama sahani. Mti mzima ulikuwa umejaa vuli, na watoto wale walikuwa wanapita chini yake kila asubuhi hawaoni kitu, kwa sababu kabla hawajafika mpishi alikuwa ameshafagia kila jani.

Nikamwendea mwenye nasari. Kiarabu changu ni cha jikoni, lakini siku hiyo nilikisukuma.

"Madam, ile kona ya mti isifagiwe. Majani yabaki. Siku ya akina mama, watoto watayaokota, watayapaka rangi, watayapiga chapa kwenye karatasi."

"Uchafu? Akina mama watasema nasari haina mfanyakazi."

"Watasema ina mwalimu."

Sijui mdomo wangu ulipata wapi ujasiri huo. Alishusha miwani kutoka kichwani akaivaa kwa mara ya kwanza.

"Kona moja," akasema. "Na siku yenyewe ikiharibika, halas, basi, unarudi Riyadh."

Nikamwambia mpishi asiiguse kona, akasema sawa ticha, huku uso wake kama wa mtu anayeumwa.

Zile siku zilizofuata ndizo siku zangu bora Saudia, nasema bila aibu. Kila asubuhi tuliacha kindi na boga ndani, tukatoka joto lisijapanda. Majani yaliongezeka. Watoto walichuchumaa wakayageuza wakaona upande wa chini una mishipa, wakafuata mishipa kwa kidole. Msichana mmoja alijifunika jani kichwani akatembea kwa maringo akisema yeye ni shangazi yake. Yule mwenye mafua akagundua kwamba jani kavu ukilikanyaga linalia, na baada ya hapo somo likawa halina mwalimu tena, wote wanakanyaga, wote wanapiga kelele, na mimi nakanyaga nao. Nilimwona mwenye nasari dirishani na simu yake. Hakutukataza.

Nitasema ukweli mmoja. Mikono ilikuwa inaniwasha. Mama yangu alinilea kwamba mgeni anaanza kusoma nyumba nje. Ukimpikia pilau la nyama nzima nzima na ua haujafagiwa, atakachosimulia huko aendako ni ua. Kila nilipopita pale niliona majani yananicheka, na nilikuwa najilazimisha kutazama juu. Kama mimi mwenye somo nilikuwa hivyo, yule mama wa Bungoma alikuwa katika mateso ambayo sikuyafikiria. Alikuwa akipita kona ile amegeuza shingo, kama anapita mbele ya mtu anayeoga.

Siku ya akina mama nilivaa buibui langu jipya. Nilikuwa ndani nachanganya rangi, najipanga, najisemea maneno ya Kiarabu ya kukaribisha watu, ndipo niliposikia maji. Nikatoka mbio. Watoto wa kwanza walikuwa wameshaingia getini, wamesimama mstari na mikoba yao, wanatazama. Mpishi alikuwa na ufagio mkono mmoja na mpira wa maji mkono mwingine, leso imefungwa kiunoni, jasho linamtiririka, anasukuma jani la mwisho kuelekea kwenye mtaro. Kona ilikuwa inang'aa. Ungeweza kuandalia wali pale chini.

"Ticha," akasema, akanyoosha mgongo, akatabasamu kwa mapenzi yote ya duniani. "Nimekufanyia. Nilijua hawa watoto wameshaangalia siku zote hizo, wamemaliza. Sasa wageni wakuje wapate compound inakaa hivyo, si watasema wewe ndio mchafu? Hiyo ikama ingepotea hivi hivi nikiona."

"Majani yako wapi?"

"Kwa pipa ya nje. Na lori imeshachukua."

Nikatazama juu. Yaliyobaki mtini yalikuwa kijani yote, yamekaza. Nilitaka kumpiga mtu, na aliyekuwa karibu alikuwa ndiye anayenipenda kuliko wote katika ile nyumba. Nikasema asante. Neno lilitoka limekauka na yeye alilipokea hivyo hivyo, akaenda kuosha vikombe.

Mwenye nasari akatoka, akaona, akanitazama, akanihimiza kwa maneno mawili tu: "Plastiki. Yalla."

Nikaingia darasani na ile katoni nikaikuta mezani imeshafunguliwa. Watoto wamekaa kwenye viti vyao vidogo. Mwenye mafua akaniuliza kharifu imekwenda wapi. Kabla sijajibu, msichana wangu wa Riyadh akamjibu kwa utulivu: imefagiwa. Na wote wakatikisa kichwa, kama watu wazima waliosikia jambo la maana. Imefagiwa, bila shaka. Kwetu pia, mmoja akasema, hufagiwa kila siku. Kwetu hufagia huyu, akataja jina. Kwetu hufagia huyu, akataja jina lingine. Walikuwa wanajua majina yote.

Nikaisukuma katoni chini ya meza kwa mguu. Nikawapa karatasi kubwa, ile bizari, ile karkade, yale masimbi ya chai. Nikawaambia wachore kharifu waliyoiona.

Mtu aliyefundisha nasari anajua kwamba ubunifu wa mtoto hudumu mpaka jirani yake atakapochungulia. Msichana wangu alianza na ufagio. Aliuchora mrefu kuliko mti, kisha akamchora mpishi na leso yake kiunoni, kisha majani mekundu yanakimbia mbele ya ufagio kama kuku. Jirani yake akachungulia. Jirani wa jirani akachungulia. Baada ya muda darasa zima lilikuwa linachora mifagio. Kila mmoja aliweka mfanyakazi wake: mwenye gauni la buluu, mwenye jino la dhahabu, mwenye kitambaa cha maua, mmoja wa kwao ni mwanamume, na ndevu akawekewa. Zilikuwa picha nzuri. Nimeona kazi za watoto wengi na nasema zilikuwa nzuri sana, na nilizibandika ukutani nikijua zinavyoweza kunigharimu.

Akina mama wakaja, manukato mbele na wao nyuma. Wakala biskuti. Wakapita ukutani polepole. Mama wa yule mwenye mafua akasimama mbele ya picha ya mwanawe, akainamisha kichwa.

"Huyu nani?"

Mtoto akataja jina la mfanyakazi wao, kwa fahari.

"Na mimi niko wapi?"

Mtoto akaitazama picha tena, kwa uaminifu, kama anayemtafuta kweli.

"Umelala," akasema.

Mmoja wa akina mama akacheka mpaka akashika ukuta. Mwingine akacheka naye. Wengine wakageukia picha za watoto wao haraka haraka, na nikaona midomo inabanwa, maana kila mmoja alikuwa anajitafuta kwenye karatasi na hajioni. Madam wangu akatazama ile ya binti yake kwa muda. Hakuuliza. Nadhani aliogopa jibu, kwa sababu yeye na mimi tulilijua.

Hukumu niliipata jikoni baada ya magari kuondoka. Mwenye nasari hakuwa na ukali, na hilo liliniudhi zaidi. Akasema mimi ni hodari na watoto. Akasema wengi walicheka, lakini wawili hawakucheka, na hao wawili wana watoto watatu watatu. Wanataka boga, akasema. Wanataka shali. Atatafuta msichana mwenye cheti.

"Nina cheti, madam."

"Cha hapa," akasema. "Halas."

Halas. Nikasimama na kikombe cha mtu mkononi, nikakiosha. Niliumia. Niliumia kuliko siku nasari yetu ilipofungwa, kwa sababu siku ile nilifungiwa pamoja na wengine, na hii ilikuwa yangu peke yangu, niliiona kwa macho, nikaikanyaga kwa miguu, na ikalia. Picha zilitolewa ukutani zikatiwa ndani ya ile katoni, juu ya kindi.

Mpishi alikuwa amesimama karibu na jiko na leso yake mdomoni.

"Ni mimi nimekuharibia."

Nilikaa na hasira mpaka wali ulipoiva. Nilipakua bila kumtazama. Kisha nikamwona amejipakulia ukoko peke yake, yeye anayeuchukia ukoko, kama mtoto aliyejiadhibu, na kicheko kikanishinda.

"We mama wewe," nikamwambia, "umefagia vuli. Wazungu wana mashine na bado inawashinda."

Akacheka analia. Tulicheka wote, mpaka madam akauliza kutoka sebuleni kuna nini, tukamwambia mafi, hakuna kitu. Kabla sijaondoka mpishi aliniomba nisimwambie mtu, akafungua kabati la vyombo. Ndani ya mlango, pale ambapo hakuna atakayefungua isipokuwa yeye, alikuwa amebandika ile picha ya msichana wangu. Ufagio mrefu, leso kiunoni, majani yanakimbia. Alikuwa ameiokoa kwenye katoni. Akasema hajawahi kuchorwa na mtu.

Tukarudi Riyadh. Madam alikuwa na furaha ya mtu aliyepata tena mkoba alioudondosha, na kwa siku kadhaa alinisaidia hata kubeba sinia. Kisha akaacha. Ghorofani, nusu ya jina langu ikaanza tena kupigwa kelele.

Nyumba ya Al-Naseem ina mkunazi mmoja kwenye hoshi, mti wa miiba, mchoyo, wenye majani madogo yasiyofika hata kucha ya kidole gumba. Vumbi la Riyadh likiupiga unaonekana umekufa. Sikuwahi kuudhania kitu zaidi ya kazi, maana vijani vyake vinaingia kwenye nyufa za vigae na havitoki mpaka uviokote kimoja kimoja.

Ijumaa moja asubuhi, nyumba yote bado imelala, nilitoka na ufagio. Nikamkuta msichana yuko nje, miguu mitupu, na nguo za kulalia. Alikuwa amechuchumaa chini ya mkunazi. Vijani vyote vilivyoanguka alikuwa amevipanga juu ya vigae, vya kijani upande mmoja, kisha vilivyoanza kufifia, kisha vya manjano, kisha vile vikavu kabisa vilivyojikunja. Pembeni aliweka kopo la masimbi ya chai aliyoyachota jikoni mwenyewe, na kipande cha katoni ya tende. Na mbele ya hayo yote aliweka kiti chake cha plastiki, kidogo, cha rangi ya waridi, akakigeuza kimtazame yeye.

Akaniona na ufagio. Akasimama, akautandaza mkono wake mbele ya majani.

"Usifagie," akasema. "Bado hatujasoma." Akanionyesha kiti. "Kaa, mwalimu."

Neno hilo nilikuwa nimemfundisha mwenyewe, Kiswahili, zamani, sakafuni jikoni, nikidhani amelisahau. Nikauegemeza ufagio ukutani. Nikaketi kwenye kiti kile, magoti yakanifika kidevuni, nikamwambia aniambie kwanza lipi lilianguka mapema kuliko yote, na kwa nini anafikiri hivyo.

Dirisha la juu likafunguka. Madam, sauti ya usingizi, akaita nusu ya jina langu, akauliza mbona hoshi haijafagiwa mpaka sasa.

"Subiri kidogo, madam," nikamjibu. "Niko darasani."

Akachungulia chini, akatuona. Kisha akafunga dirisha.